Barua ya wazi kwa wakuu wa Ukumbi wa Umaarufu wa Tenisi: wanawake hawa nao wapewe nafasi

Kwa Mwenyekiti, Bodi na wapiga kura wote,
Ukumbi wa Umaarufu wa Tenisi wa Kimataifa,
Newport, Rhode Island, Marekani.

YAH: WANAWAKE WALIOCHEZA TENISI KWA KIWANGO CHA JUU BILA KUPATA TAJI LA GRAND SLAM

Waheshimiwa,

Nina ombi moja na nitalisema mapema, msije mkalitafuta katikati ya maelezo. Naomba ukumbi wenu utenge nafasi ya kudumu kwa wanawake waliocheza tenisi ya juu kwa miaka kumi au kumi na mitano, wakawafunga mabingwa, wakafika nusu fainali na fainali, kisha wakastaafu bila taji la Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, la mchezaji mmoja mmoja. Wengi wao hawamo humo ndani, na kwa utaratibu wa sasa sioni watakavyoingia.

Siombi huruma kwa niaba yao. Naomba mkiangalie upya kipimo mnachotumia.

Tuanze na Jana Novotna, ambaye yumo tayari. Kwenye fainali ya Wimbledon ya mwaka 1993 alikuwa akimwongoza Steffi Graf wa Ujerumani 4-1 katika seti ya tatu, na alibakiza pointi moja tu kufika 5-1. Akaanzisha mpira, ukatoka. Akaanzisha tena, ukatoka. Gemu ile ikapotea, ikafuata nyingine na nyingine, hadi Graf akashinda 7-6, 1-6, 6-4. Wakati wa kupokea zawadi Novotna alilia begani kwa mke wa Duke wa Kent, na picha ile ikazunguka dunia nzima. Mwaka 1997 akarudi fainali, akachukua seti ya kwanza dhidi ya Martina Hingis aliyekuwa na miaka 16, akapoteza tena. Mwaka 1998 akarudi mara ya tatu na safari hii akashinda, 6-4, 7-6. Mlimwingiza mwaka 2005. Alifariki Novemba 2017 kwa saratani, akiwa na miaka 49.

Sasa iondoeni ile siku moja ya Julai 1998. Yaacheni mengine yote kama yalivyo: miguu yake, mikono yake pale kwenye wavu, miaka yake yote ya kusafiri. Pengine mataji yake ya Grand Slam ya wawili wawili na ya mchanganyiko (mwanamke na mwanamume upande mmoja), ambayo ni 16, yangetosha kumwingiza, kama yalivyomwingiza Helena Sukova mwaka 2018. Lakini kwa watu wengi angebaki kuwa yule mwanamke aliyelia. Uwezo ungekuwa uleule, na tofauti yote ingeletwa na seti mbili za alasiri moja.

Na ng'ambo ya wavu siku ile alisimama mtu mwingine ambaye hatajwi sana. Nathalie Tauziat wa Ufaransa alikuwa na miaka 30, ndiyo kwanza anafika fainali ya Grand Slam. Alicheza mtindo uliokuwa ukitoweka, wa kuanzisha mpira na kukimbilia wavuni. Seti ya pili ikaenda hadi taibreki, ile gemu fupi ya kuamua seti iliyofika 6-6, utaratibu uliobuniwa na Jimmy Van Alen, mwanzilishi wa ukumbi wenu. Tauziat akaipoteza. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 32, umri ambao wenzake wengi wa wakati ule walikuwa wameshatundika raketi, alipanda hadi namba tatu kwa ubora duniani. Nikiwatajia watu jina lake huku kwetu, hata wale wanaokesha wakifuatilia Wimbledon, wengi hunitazama tu.

Kuna mwingine ambaye ndiye hasa aliyenisukuma kuandika barua hii.

Amanda Coetzer alizaliwa Hoopstad, mji mdogo wa Free State, Afrika Kusini. Urefu wake ni sentimita 158. Alicheza zama ambazo wanawake walikuwa wanazidi kuwa warefu na raketi zinazidi kuwa na nguvu, na yeye hakuwa na kipigo cha kumaliza mchezo kwa mpira mmoja. Alichokuwa nacho ni miguu na kichwa. Aliurudisha kila mpira, akaurudisha tena, akambadilishia mpinzani pembe, mpaka huyo mrefu aliyesimama upande wa pili akaanza kushuku mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1995, Toronto, alimtoa Graf aliyekuwa hajafungwa mwaka ule mzima, akamtoa Mary Pierce, akamtoa Novotna, akaingia fainali. Na nani alikuwa akimsubiri? Monica Seles, katika mashindano yake ya kwanza tangu achomwe kisu mjini Hamburg mwaka 1993. Ulimwengu wote ulikuwa upande wa Seles, na ulikuwa na haki. Coetzer alifungwa 6-0, 6-1, na ile wiki ya ajabu aliyoifanya ikamezwa na hadithi iliyokuwa kubwa kuliko yake.

Kisha ukaja mwaka 1997. Australia, raundi ya nne, alimfunga Graf. Berlin, kwenye udongo, nyumbani kwa Graf mwenyewe, alimfunga 6-0, 6-1. Someni tena matokeo hayo. Huyu ni Graf mwenye mataji 22 ya Grand Slam, akiwa mbele ya watu wake, akapata gemu moja tu. Wiki chache baadaye, robo fainali ya Roland Garros, yaani Grand Slam ya Ufaransa, alimfunga tena 6-1, 6-4. Mara tatu katika mwaka mmoja! Nusu fainali akapoteza kwa Iva Majoli, 7-5 katika seti ya tatu, na Majoli ndiye akaja kubeba kombe. Coetzer alifika nusu fainali ya Grand Slam mara tatu, mbili Australia na moja Paris, na mwezi Novemba mwaka ule alikuwa namba tatu duniani. Alistaafu mwaka 2004. Hakufika fainali hata moja ya Grand Slam ya mmoja mmoja.

Mtasema basi hakuwa bingwa mkubwa. Sawa, na mimi sidai alikuwa. Ninachouliza ni hiki: mtu akitaka kuelewa Graf alikuwa nani mwaka ule wa 1997, jinsi alivyoanza kushikika baada ya miaka kumi ya kutoshikika, ataelewaje bila Coetzer? Jumba la makumbusho linaloonyesha makombe ya Graf bila kueleza nani aliyempa mtihani linasimulia hadithi nusu.

Nije kwa Cara Black, na hapa naomba mnivumilie kwa kuwa ninaandika kwa uchungu. Yeye ni wa Zimbabwe, kutoka familia ambayo baba aliwajengea watoto viwanja nyumbani karibu na Harare, na kaka zake Byron na Wayne wote wakawa wachezaji. Kwa mchezaji mmoja mmoja Cara aliishia namba 31. Nzuri, si kubwa. Kwa wawili wawili alikuwa namba moja duniani kwa wiki 163, na ana mataji 10 ya Grand Slam, matano ya wanawake na matano ya mchanganyiko. Kombe la mchanganyiko amelichukua katika Grand Slam zote nne, mawili kati ya hayo matano akiwa na kaka yake Wayne.

Matatu mengine aliyachukua pamoja na Leander Paes wa India: Marekani 2008, Australia 2010 na Wimbledon 2010. Katika kura ya kundi la mwaka 2024 majina yao wote wawili yalikuwa kwenye orodha moja. Mgombea anahitaji asilimia 75 ya kura. Paes akapita. Cara Black hakupita.

Simwonei Paes wivu. Ana mataji 18 ya Grand Slam na medali ya shaba ya Olimpiki ya Atlanta, na anastahili kila heshima mliyompa. Lakini aliposimama kuipokea Julai 2024, matatu kati ya mataji yaliyompandisha pale yalikuwa pia ya mwanamke aliyekataliwa na kura ileile. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwanamke kutoka nchi yenye wachezaji wachache namna ile, bila shirikisho tajiri nyuma yake, akishika namba moja duniani kwa zaidi ya miaka mitatu ukijumlisha, sijui ni ushahidi gani mwingine unaotakiwa.

Halafu kuna Ons Jabeur wa Tunisia, ambaye habari yake bado mbichi. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika kufika fainali ya Grand Slam ya mmoja mmoja katika enzi huria, yaani tangu mwaka 1968. Kabla ya enzi hiyo Sandra Reynolds wa Afrika Kusini alifika fainali ya Wimbledon mwaka 1960 na kupoteza kwa Maria Bueno. Jabeur amecheza fainali tatu na zote amepoteza: Wimbledon 2022 kwa Elena Rybakina, US Open mwaka huohuo kwa Iga Swiatek, na Wimbledon 2023 kwa Marketa Vondrousova. Lakini itazameni njia aliyopita mwaka 2023. Aliwafunga Bianca Andreescu, Petra Kvitova, Rybakina na Aryna Sabalenka mfululizo, wanne hao wote wakiwa na taji la Grand Slam tayari. Kisha akafungwa na mchezaji ambaye hakuwa hata miongoni mwa 32 waliopangwa kwa ubora. Baada ya mechi alisema huko ndiko kufungwa kulikomuuma kuliko kote katika maisha yake ya tenisi.

Akistaafu bila kombe, mtamweka wapi? Mpira wake wa kudondosha nyuma tu ya wavu wasichana wanaujaribu leo katika viwanja ambavyo havijawahi kuona kamera. Mwaka 2022 alishinda Madrid na kufika namba mbili duniani. Kuna bara zima lililosimama kumtazama siku zile, watu ambao hawakuwahi kukaa mbele ya televisheni kwa ajili ya tenisi. Taji moja lisiwe ndilo litakaloamua kama hayo yalitokea au hayakutokea.

Ningeweza kuendelea. Elena Dementieva, fainali mbili mwaka 2004, dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008, na ile nusu fainali ya Wimbledon 2009 aliyokuwa na pointi ya ushindi dhidi ya Serena Williams akashindwa 8-6 katika seti ya tatu. Dinara Safina, namba moja duniani mwaka 2009, fainali tatu bila ushindi, mgongo ukamkatisha safari mapema. Kaka yake Marat Safin yumo kwenu tangu 2016. Agnieszka Radwanska, mataji 20 na mikono ambayo mashabiki waliipenda mwaka baada ya mwaka. Zina Garrison, ambaye mwaka 1990 aliwatoa Seles na Graf kwenye Wimbledon moja kabla ya kufungwa na Martina Navratilova fainali. Garrison aliingia mashindano yale bila kampuni ya kumvalisha. Mkataba ulipatikana baada ya kumfunga Graf. Mchezaji wa kiwango kile alilazimika kufika ukingoni mwa fainali ndipo mtu amwone.

Waheshimiwa, ninyi wenyewe mnajua kwamba tenisi ya wanawake haikujengwa na mabingwa peke yao. Mwaka 2021 mliwaingiza kwa pamoja wale wanawake tisa waliotia saini mkataba wa dola moja na Gladys Heldman, mchapishaji wa jarida la tenisi, mjini Houston, tarehe 23 Septemba 1970, walipokataa mashindano ya Los Angeles yaliyotaka kumlipa bingwa wa kiume dola 12,500 na wa kike 1,500. Kati ya tisa hao, Billie Jean King, Nancy Richey na Kerry Melville ndio pekee waliopata kushinda Grand Slam ya mmoja mmoja. Rosie Casals alipoteza fainali mbili za Marekani, 1970 na 1971. Judy Dalton alipoteza ya Wimbledon mwaka 1968. Julie Heldman, Peaches Bartkowicz, Kristy Pigeon na Valerie Ziegenfuss hawakufika hata hapo. Sita kati ya tisa. Kila mwanamke anayelipwa leo kwa kucheza tenisi anatembea kwenye njia waliyoikata hao sita pamoja na wale watatu, na kwa adhabu ambayo vyama vya tenisi viliwatishia nayo, wao sita ndio waliokuwa na cha kupoteza zaidi, kwa sababu hawakuwa na jina kubwa la kuwalinda.

Natasha Zvereva naye yumo kwenu tangu 2010, kwa mataji yake ya wawili wawili pamoja na Gigi Fernandez. Lakini watu wakimtaja kwa mchezo wa mmoja mmoja hukumbuka jambo moja tu: fainali ya Roland Garros ya 1988, alipofungwa na Graf 6-0, 6-0 akiwa na miaka 17. Hawakumbuki kwamba ili afike pale alimtoa Navratilova. Wala hawakumbuki kwamba mwaka 1989 alisimama hadharani Marekani akidai fedha za ushindi wake zisichukuliwe na shirikisho la Kisovieti. Msichana yule aliyedhalilishwa kwa 6-0, 6-0 ndiye aliyekuwa na ujasiri huo.

Najua jibu litakalokuja. Ukumbi ukimkaribisha kila aliyewahi kucheza robo fainali, umaarufu utabaki na maana gani? Nakubaliana nanyi kabisa. Sitaki mshushe kiwango cha wachezaji mnaowaingiza sasa. Graf na Navratilova wabaki walipo, bila mtu wa kusogezwa karibu nao kwa upendeleo. Mna nafasi ya wachezaji na mna nafasi ya waliotoa mchango kwa mchezo. Van Alen mwenyewe anakumbukwa zaidi kwa wazo la taibreki kuliko kwa mpira wowote alioupiga. Naomba nafasi ya tatu iliyo wazi na yenye masharti magumu. Mwanamke mmoja kwa mwaka, si zaidi. Wapiga kura wawe wanawake waliocheza naye, waliolala vibaya usiku wa kuamkia kupambana naye, kwa sababu hao wanajua jambo ambalo idadi ya makombe haiwezi kusema. Na akishachaguliwa, isitundikwe picha tu. Zionyeshwe mechi zenyewe. Mtu anayeingia Newport aione Berlin ya 1997 yote, tangu mpira wa kwanza.

Na wahojiwe wakiwa hai. Mrekodini Tauziat kwa Kifaransa chake na Coetzer kwa Kiafrikaans chake, mkitaka tafsiri itakuja baadaye. Novotna hatuwezi tena kumuuliza chochote.

Kwa nini haya yananihusu mimi niliye Dar es Salaam? Ninawafundisha wasichana kushika raketi, na mzazi anapomleta binti swali lake la kwanza mara nyingi ni kama atakuwa Serena. Ndilo jina pekee analolijua. Nikimweleza kwamba binti yake akijitahidi sana, na Mungu akijalia, anaweza siku moja kuwa namba 90 duniani, huona nimemvunja moyo. Hajui kwamba droo ya Grand Slam ina wachezaji 128, na kwamba 104 kati yao huingia kwa nafasi yao kwenye orodha ya ubora. Namba 90 yumo ndani. Namba 90 anakula kwa raketi yake na kuisomesha familia. Kwetu Afrika Mashariki huyo angekuwa mtu wa kihistoria. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alishinda Wimbledon ya wasichana ya wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, taji la kwanza la Grand Slam ya vijana kwa Mkenya, na tulishangilia hadi sauti zikakauka. Tangu siku hiyo nasikia watu wakiuliza lini atachukua Wimbledon ya wakubwa, kana kwamba hakuna kitu chochote cha kujivunia kati ya pale na kileleni.

Wasichana hawa wanahitaji kumwona Coetzer kuliko wanavyohitaji kumwona Graf. Miili yao iko karibu na wa Coetzer, na mazingira yao yako karibu na ya Cara Black. Wakimtazama yule mdogo wa Hoopstad akikimbia nyuma ya mstari wanaelewa mara moja cha kufanya kesho mazoezini. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Kwa hiyo naomba kwamba bodi itakapokaa kuandaa orodha ijayo ya wagombea, jina la Cara Black lirudishwe kwenye kura ya wachezaji, kwa kuwa mlango huo ni wake kwa haki. Naomba nafasi niliyoieleza iwekwe kwenye ajenda, na wa kwanza kujadiliwa awe Amanda Coetzer. Nitashukuru kupata jibu lenu, hata likiwa la kukataa, mradi lieleze sababu.

Wenu,
Mwalimu wa tenisi,
Dar es Salaam.